Mgonjwa akija na malaria

Juzi usiku kitinda mimba wangu alikuwa analia sikio, na famasi wakatupa antibiotiki ya maji, ya rangi ya waridi, yenye harufu ya ndizi. Akaonja, akakunja uso, akaniuliza, "Mama, hii ni ndizi ya wapi?" Sikumjibu. Kijiko kilikuwa bado mkononi, lakini pua ilishafika Iowa, Marekani, ghorofa ya chini ya jengo la sayansi, mwaka 2008.

Aliyepita maabara ya kemia ya oganiki anaijua harufu hiyo. Unachukua alkoholi fulani yenye harufu ya kukera, unaichanganya na asidi ya siki, unadondoshea asidi ya salfuriki, unachemsha kwenye chupa ambayo mvuke wake hupozwa na kurudi ndani, na ukimaliza chumba kizima kinanukia pipi za ndizi. Isoamili asetati. Mwalimu wetu alipenda kutukumbusha kwamba nyuki akichoma hutoa kemikali hiyohiyo kuwaita wenzake, kwa hiyo tusitoke nje na makoti yale siku ya jua. Katika walimu wote wa kemia niliowahi kuwa nao, ni yeye tu aliyenichekesha.

Wiki ile ya ndizi ndiyo wiki niliyotakiwa kutangaza meja, yaani somo kuu utakalohitimu nalo. Wenzangu wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, walikuwa zamani wameshafika vyuo vya udaktari vya Muhimbili, KCMC na Bugando, wameshaanza kupasua maiti na kutuma picha wakiwa na makoti meupe. Marekani hakuna kuruka kutoka kidato cha sita hadi udaktari. Unamaliza kwanza digrii ya miaka minne, ndipo unaomba shule ya udaktari ya miaka minne mingine. Kila mtu pale chuoni alijiita pri-medi, yaani anayejiandaa kwa udaktari, lakini kwenye fomu ya meja hakukuwa na kisanduku cha pri-medi. Shule nyingi za udaktari zinadai kozi tu: baiolojia ya mwaka mzima, kemia ya kawaida, oganiki, fizikia, zote na maabara zake, Kiingereza kidogo, hesabu kidogo, kisha mtihani wa kuingilia uitwao MCAT. Ukishazimaliza hizo, hata ukihitimu muziki hawana neno.

Kwa maneno, maana kwa vitendo zaidi ya nusu ya waombaji hutoka baiolojia, mwaka nenda mwaka rudi, na mimi nilikuwa nimeshaandika "Biology" kwa penseli.

Kilichoniharibia ni kozi moja ya historia ya tiba katika Afrika niliyoichukua kujaza ratiba. Asubuhi nilikuwa darasa la oganiki nikichora pete za benzini na vile vimishale vya elektroni. Usiku nilikuwa maktaba nikisoma habari za malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, yale yaliyoua zaidi ya watu laki mbili Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Daktari Mjerumani Robert Koch alipewa Nobel mwaka 1905, na mwaka uliofuata akaja visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, na dawa iitwayo Atoksili. Mwanzoni wagonjwa walionekana kupata nafuu. Kisha baadhi yao wakapofuka.

Nikajiuliza Atoksili ni nini hasa, nikaitafuta, nikaichora pembeni ya daftari la historia. Ilikuwa pete yangu ya asubuhi. Upande mmoja kundi la amini, lenye nitrojeni, upande wa pili arseniki, ile sumu. Mchoro ningeweza kuufanya hata nikiwa nasinzia, na mwalimu wa oganiki angenipa alama zote. Nikabaki nautazama mchoro na ile aya ya watu waliopofuka, ukurasa mmoja, mwandiko mmoja. Nikafuta penseli.

Basi ikabaki kumwambia Baba.

Wanaomjua Baba wanajua. Alikuwa tabibu, ngazi ya chini ya daktari. Kijijini kwetu, milimani Upare, wanamwita daktari hadi leo, na hajawahi kuitikia jina hilo wala kulikataa. Mtoto wa kwanza kufika Marekani alikuwa na kazi moja tu nyumbani kwetu, na haikuhitaji kutamkwa.

Nilinunua kadi ya simu ya dola tano, ile ya kukwangua, nikajifungia chumbani. Kupata mtandao ilibidi Baba atoke nje asimame karibu na mparachichi, kwa hiyo nilisikia kuku kabla ya kumsikia yeye.

"Historia?"

"Ndiyo Baba."

"Historia ya nini?"

"Ya tiba. Lakini kozi zote za udaktari naendelea nazo. Kemia, fizikia, zote."

"Hizo zote, na historia juu yake?"

"Ndiyo."

Akanyamaza. Kuku wakaendelea. "Sasa mgonjwa akija na malaria utamsimulia habari za Kinjekitile?"

Nilicheka, na kucheka lilikuwa kosa maana hakuwa anatania. Jibu lilinijia baadaye kitandani, kwamba hata maji ya Kinjekitile, yule wa vita vya Majimaji, yalikuwa dawa, na kwamba watu waliyameza kwa sababu mtu wanayemwamini aliwaambia yanafanya kazi, na hiyo siyo mbali sana na kazi ya zahanati. Lakini jibu la kitandani halimsaidii mtu. Pale kwenye simu nilijiumauma nikaanza kumweleza habari ya Sese, ya Koch, ya arseniki, nikiharakisha kwa sababu yule mama wa kadi alikuwa ameshaingilia kutangaza kwamba imebaki dakika moja. Nikafika kwenye watu kupofuka, simu ikakata.

Jioni yake, kwetu kukiwa usiku wa manane, simu yangu ikaita. Baba hakuwahi kunipigia Marekani kwa vocha yake. Nikajua kuna msiba.

"Hiyo arseniki," akasema bila salamu. "Mimi nimeichoma."

"Umeichoma wapi?"

"Kibondo. Kabla hujazaliwa. Siyo hiyo yako ya Mjerumani, ni ndugu yake iliyokuja baadaye. Wagonjwa wa malale tuliletewa wakiwa wamefungwa kamba kwenye machela, wameshaharibikiwa akili. Bomba la sindano la plastiki haikulitaka, inaliyeyusha, kwa hiyo tulitumia la kioo. Na uhakikishe uko ndani ya mshipa. Ikivuja nje, nyama inaoza."

"Walipona?"

"Wengi walipona. Wanarudi kulima. Wengine dawa yenyewe iliwamaliza, na huwezi kujua kabla ni nani." Nikasikia akihama mguu kwenye majani makavu. "Ukiiacha, atakufa. Ukiichoma, labda utamuua wewe. Nilikuwa na miaka ishirini na minne."

Nilitaka kumuuliza mengi. Nilimuuliza kama vocha inatosha.

"Imekwisha. Haya, soma hiyo historia. Lakini oganiki usiniletee C."

Fomu nikaisaini kesho yake. Hadi leo sijui kama ile ilikuwa baraka au alikuwa ananionya kwamba ningeona na kalamu mkononi yale aliyoyaona na sindano, na hilo halikuwa na haraka.

Yaliyofuata ni haya. Oganiki nikapata B. MCAT, enzi zile ikihesabiwa juu ya 45, sehemu ya kusoma na kufahamu ndiyo iliyonibeba. Kisha nikagundua ambacho hakuna mshauri aliyenitajia, kwamba shule nyingi za udaktari Marekani hazipokei wanafunzi wa viza kabisa, na kati ya zinazopokea kuna zinazotaka uweke ada ya miaka yote minne benki kabla hujakanyaga darasani. Baba na mimi tulikuwa tumebishania meja wakati kufuli lenyewe lilikuwa kwenye pasipoti. Miaka niliyoosha vyombo vya maabara siisimulii leo. Mlango wa udaktari ulifunguliwa na bahati nasibu ya green card, na ile haimuulizi mtu alisomea nini.

Kwa hiyo vijana wa kanisani wakiniuliza wachukue meja gani, nababaika. Nawaambia wachague kitu watakachopata alama nzuri, jibu la kiwoga lakini si la uongo. Naweza kuwaonyesha majedwali ya waombaji, kwamba waliosoma fasihi na historia hawapokelewi kwa kiwango cha chini kuliko wa baiolojia. Ila majedwali hayo yanawahesabu waliothubutu kuomba tu. Waliokatishwa tamaa kabla hawamo.

Baba naye ana takwimu zake. Kwenye harusi ya binamu yangu, Same, nilimsikia meza ya pili akiwaeleza wakwe kwamba huyu binti alisoma baiolojia huko Iowa, baiolojia tupu miaka minne, ndiyo maana mnamwona hivi. Tukatazamana. Nikamwongezea pilau.