Kuunda Injini Ndogo ya Betri ya Reli Nyembamba: Anza na Sanduku la Betri

Seti ya kuunganisha injini ya betri ya reli nyembamba inapofunguliwa mezani, macho huvutwa kwanza na kibanda cha dereva, taa na vishikizo vidogo vya shaba. Mimi nimezoea kuviweka vyote kando na kuanza na sanduku la betri, kwa sababu katika injini ya aina hii betri si mzigo uliopakiwa juu ya mashine, bali ndiyo nguvu yake, uzito wake na sehemu kubwa ya umbo lake.

Injini halisi tunazoziiga zilitengenezwa kwa ajili ya migodi, mahandaki yanayochimbwa na viwanda vya baruti, mahali ambapo moshi ungewadhuru wafanyakazi na cheche ingeweza kuleta maafa. Nyingi zilibeba betri za risasi na asidi, ambazo kila seli hutoa takriban volti 2, na uzito huo ulikuwa faida, maana magurudumu yasiyokandamizwa vya kutosha huteleza badala ya kuvuta. Chaji ilipokwisha, sanduku zima liliweza kuondolewa na jingine kuwekwa mahali pake. Ndiyo maana nyingi zinaonekana kama kasha refu juu ya magurudumu manne, huku dereva akiwa amebanwa mwishoni.

Ninajenga kwa kipimo cha 1:19, ambapo reli yenye upana wa milimita 32 huwakilisha ile halisi ya milimita 610. (Reli ya upana wa kawaida ni milimita 1,435, ndiyo maana hii huitwa nyembamba.) Kwa kipimo hicho cha 1:19 betri inaenea ndani ya sanduku lake, hivyo hakuna umeme unaohitaji kupita relini, na reli chafu haiisimamishi injini. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba mfano huu unajiendesha kwa njia ileile inayotumiwa na mashine yenyewe.

Fremu hudai subira kuliko sehemu nyingine yoyote. Kabla ya kufunga mota, ninaingiza ekseli na kuiweka fremu juu ya kipande cha kioo: magurudumu yote manne yanapaswa kugusa kioo kwa wakati mmoja, na fremu ikisukumwa kwa kidole iende bila kusita. Jaribio hili lifanywe mapema, kwani giya ya skrubu (ile yenye umbo la skrubu, inayopeleka nguvu ya mota kwenye ekseli) ikishafungwa magurudumu hayazungushiki tena kwa mkono, na kasoro ya ekseli hujificha nyuma ya nguvu ya mota. Giya nazo zisibanane. Ninaweka karatasi nyembamba kati ya meno, ninakaza skrubu, kisha ninaivuta karatasi, na nafasi inayobaki inatosha.

Seli nne za nikeli zinazochajiwa, zenye volti 1.2 kila moja, hutoa volti 4.8, mwendo wa taratibu unaoifaa injini ya mgodini. Seli ya lithiamu ni ndogo na ina nguvu, lakini inataka chaja yake maalumu isiyozidisha volti 4.2, na kinga ya kuizuia isiishe kabisa. Aina yoyote utakayochagua, weka fyuzi karibu na betri. Swichi ya kwenda mbele na nyuma ina miguu sita: betri hufungwa kwenye miguu miwili ya kati, mota kwenye miwili ya upande mmoja, kisha waya mbili zinazopishana huunganisha pembe za pande zote mbili.

Baada ya hapo naupima uzito. Injini huwekwa juu ya penseli iliyolazwa katikati ya ekseli mbili, na ikiinama upande mmoja ninaisogeza betri, au ninaongeza vipande vya risasi chini kabisa ya fremu, hadi itulie. Kazi ya rangi ni nyepesi: msasa laini, rangi ya msingi, kisha tabaka mbili nyembamba.

Kifuniko cha sanduku hakipakwi gundi. Kwenye injini halisi kilifunguliwa ili seli ziongezwe maji safi. Kwenye mfano kinashikwa na sumaku ndogo, na chini yake ndipo ninapoweka swichi na tundu la chaja, ili nje pasionekane kitu ambacho mashine halisi haikuwa nacho.