Kukwama kwenye "Panzi"

Ukiita motari, dereva wa pikipiki ya abiria, pale Nyawera mjini Bukavu, neno linalohitajika ni moja tu, jina la mtaa unakokwenda: Panzi. Sokoni mwenye kigugumizi anaweza kukwepa "pilipili" akaonyesha kwa kidole, lakini jina la mtaa halina badala. Wapo wanaotaja Essence, palipo njiani, kisha wanamalizia kwa miguu.

P hufungwa na midomo. Anayekwama huibana kwa nguvu, koo nalo linajifunga, hewa inakosa pa kupita. Akisukuma zaidi anakaza zaidi.

Charles Van Riper, Mmarekani aliyekuwa na kigugumizi mwenyewe, alifundisha njia tatu, na zinaanzia nyuma: baada ya kukwama, kisha katikati yake, mwisho kabla yake.

Ya kwanza hufanywa ukishakwama. Maliza neno hata likitoka vibaya: "P-P-Panzi." Nyamaza kama sekunde 3. Tafuta palipobana, palegeze, lijaribu neno kimyakimya, kisha lirudie: hewa iwe imeshaanza kutoka, midomo iguse kidogo tu, "a" ivutwe, "Paanzi". Hutafuti usemi safi, unatafuta kukwama kwa ulaini. Wengi huharibu hapa. Kimya wanakikata nusu, au wanarudia neno mpaka linyooke, na hofu yake inakua.

Ya pili hufanywa ukiwa umekwama bado. Usiliache neno wala usianze upya. Baki papo hapo, punguza nguvu hadi hewa ipite, utoke nalo taratibu. Ya tatu ni kulegeza kabla ya kulifikia. Hiyo ndiyo kila mtu anaitaka siku ya kwanza, ila asiyejua anabana wapi atalegeza nini?

M, n, s na f zinavutika. P, t na k hazivutiki, dawa yake ni mguso mwepesi.

"Vuta pumzi kwanza" ni ushauri wa majirani, tena mbaya: kifua kilichojaa husukuma koo lililofungwa. Pumzi ya kawaida yatosha.

(Mtoto wa chini ya miaka 6 ana njia yake, Lidcombe ya Australia: mzazi husifu usemi laini mchezoni, dakika 10 hadi 15 kwa siku, akiongozwa na ortofonisti, mtaalamu wa matatizo ya usemi.)

Fanya mazoezi peke yako, halafu mbele ya ndugu mmoja, halafu kwa simu. Motari aje mwisho. Zile sekunde 3 zitamkosesha subira, ataanza kukutajia mitaa: "Kadutu? Bagira?" Inua kidole angoje, umalize kimya chako.