Oksijeni 20.4: kabla mtu hajashuka tangini

Kipima gesi kikisoma oksijeni asilimia 20.4 mlangoni pa tangi, wengi husema "si mbaya, tushuke." Hewa safi ni 20.9, kimepungua kidogo tu, na vipima vingi havipigi king'ora mpaka oksijeni ishuke kufikia 19.5. Kwa hiyo kifaa kimenyamaza, kibali cha kuingia kimesainiwa, na mtu anashika ngazi.

Tupige hesabu. Oksijeni ni kama sehemu moja ya tano ya hewa. Gesi ngeni ikiingia tangini haisukumi oksijeni peke yake, inasukuma hewa nzima. Ili oksijeni ipungue 0.5, takriban asilimia 2.4 ya kila kilichomo humo ndani inapaswa kuwa kitu kingine kisicho hewa. Hizo ni sehemu 24,000 katika milioni. Salfaidi ya hidrojeni huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai ikifika sehemu 100, na kaboni monoksidi ikifika 1,200. Kama ni methani, tayari mko karibu na nusu ya asilimia 5, kiwango ambacho huanza kuweza kuwaka. Kipima kilicho na vihisio vya oksijeni na gesi inayowaka tu hakitawaambia ni ipi kati ya hizo.

Kweli, zipo sababu nyepesi zaidi. Kutu hula oksijeni na kuiacha naitrojeni ilivyo. Unyevu nao hushusha namba: kwenye tangi lenye joto la nyuzi 30 na mvuke tele, oksijeni inaweza kusomeka karibu na 20 bila sumu yoyote kuwepo. Lakini kujua kwamba sababu nyepesi zipo si sawa na kujua kwamba ndizo zilizoleta upungufu huu. Soma hewa safi ya nje kwa kifaa kilekile, linganisha, na kila upungufu upate maelezo kabla ya mtu kuingia. Maelezo yakikosekana, feni ziendelee kufanya kazi. Mwongozo wa mwaka 2011 wa IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, kuhusu sehemu zilizofungwa melini ulitaka asilimia 21 ya oksijeni (ile 20.9 ya hewa safi ikikadiriwa), gesi inayowaka isizidi asilimia 1 ya kiwango chake cha chini cha kuwaka, na sumu isizidi nusu ya kiwango kinachoruhusiwa kazini.

Sehemu zenye hatari si matangi ya mafuta peke yake. Tangi la maji ya balasti, yale ya kuipa meli uzito na uthabiti, lililofungwa kwa miezi, chumba cha mnyororo wa nanga, nafasi tupu kati ya kuta mbili za chuma: kote huko kutu imekuwa kazini mchana na usiku. Magogo, makaa ya mawe, vyuma chakavu na mbata hula oksijeni ndani ya chumba cha mizigo, na vidonge vya mbao huongeza kaboni monoksidi juu yake. Pananisumbua hasa pale kwenye ngazi ya kushukia iliyo kando ya chumba cha mizigo, yenye mlango wake sitahani. Watu huiona kama njia tu, si sehemu iliyofungwa. Lakini hewa ya mzigo hupenya humo, na mtu anaweza kuanguka kabla hajaugusa mzigo wenyewe.

Sasa kupima kwenyewe. Ukitumia mpira mrefu wa kuvuta hewa, anza kwa kuubana ncha kwa vidole. Pampu ya kipima inapaswa kulemewa mara moja na kupiga onyo. Isipofanya hivyo, mpira una tundu au umeunganishwa vibaya, na utakachopima ni hewa ya sitahani, ambayo siku zote ni nzuri. Jaribio hili halichukui hata sekunde tano, na huwa linarukwa. Kisha zima feni, subiri dakika kumi hivi hewa itulie, halafu pima juu, katikati na chini. Methani ni nyepesi, hupanda. Salfaidi ya hidrojeni ni nzito, hulala sakafuni. Kila kimo kisubiriwe: hewa inahitaji muda wa kusafiri ndani ya mpira, na kihisio nacho kinahitaji muda wake. Kijitabu cha mtengenezaji hutaja sekunde kwa kila mita. Anayeshusha mpira mita 20 na kusoma namba papo hapo amesoma hewa iliyokuwa mpirani tangu mwanzo. Tangi lenye mbavu na kuta za ndani lipimwe kupitia zaidi ya mlango mmoja, kwa sababu feni haifiki kwenye kona zilizojificha.

Kihisio cha gesi inayowaka kina udhaifu ambao kila anayetia saini kibali anapaswa kuufahamu. Aina iliyozoeleka huiunguza gesi juu ya punje ndogo yenye joto na kupima ongezeko la joto hilo. Kuunguza kunahitaji oksijeni. Kwenye tangi lililojazwa gesi ajizi, yaani gesi isiyowezesha moto kuwaka, ambamo oksijeni hutakiwa isizidi asilimia 8, kihisio hicho kinaweza kusoma chini sana huku tangi limejaa mvuke wa mafuta. Ndiyo maana oksijeni husomwa kwanza, na ndani ya gesi ajizi hutumika kipima kinachosoma asilimia ya ujazo kwa njia isiyotegemea kuunguza. Silikoni nayo, hata ya dawa ya kupuliza kwenye bawaba, huiua punje hiyo kimyakimya: kifaa kinawaka, skrini inaonyesha sifuri, gesi ipo. Ugonjwa huo huonekana tu ukikipulizia gesi ya majaribio ya kiwango kinachojulikana. Fanya hivyo kabla ya kazi ya siku. Na usikirudishe kifaa kwenye sifuri karibu na bomba la moshi wa jenereta, maana utakuwa umekifundisha kuiita hewa chafu safi.

Vipimo vya asubuhi vina umri mfupi. Kwenye tangi la kuhifadhia mafuta, tope la chini huonekana limelala salama. Likikorogwa kwa koleo au maji ya shinikizo, linaachia mvuke uliokuwa umefungiwa. Kwa hiyo kila anayeingia avae kipima chake kifuani, feni ziendelee, na watu wakitoka kwa chakula, upimaji uanze upya kabla hawajarudi.

Kuzuia kitu kisiingie tangini watu wakiwa ndani ni kazi nyingine. Vali moja iliyofungwa haitoshi. Kiti chake, yaani sehemu ya ndani inayokaliwa na kizibo, huchakaa, chembe ya kutu hukaa kati, nayo hupitisha bila dalili yoyote kwa nje. Mahali pa kuingia watu, bomba likatwe kwa bamba la kuziba kati ya flenji (midomo bapa inayounganisha vipande vya bomba), au kipande chake kiondolewe kabisa. Kwa kazi nyepesi zaidi kuna vali mbili zilizofungwa na tundu la kutolea katikati lililoachwa wazi: ya kwanza ikivuja, utaona kinachovuja kikitoka hapo. Upande wa umeme, swichi kuu izimwe, ifungwe kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwa anayefanya kazi, kisha abonyeze kitufe cha kuwashia ahakikishe mashine haijibu. Swichi zenye majina yanayofanana zimeshawahi kuchanganywa, na kitufe hicho ndicho hufichua kosa.

Kuhusu kupokezana zamu, Piper Alpha bado inafundisha. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa hilo la mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, vali ya usalama ya pampu A ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo na nafasi yake kuzibwa kwa bamba. Pampu hiyohiyo ilikuwa na kibali kingine, cha matengenezo ya pampu yenyewe. Usiku pampu B ilisimama. Waliokuwa zamuni walikijua kibali cha pampu, wakaona kazi yake inaweza kuahirishwa. Cha vali hawakukijua, na vali yenyewe haikuwa mahali ambapo aliyesimama penye pampu angeiona. Uchunguzi ulihitimisha kwamba pampu A ilipowashwa, kondenseti, yaani mafuta mepesi yatokanayo na gesi, ilivuja penye bamba lile. Walikufa watu 167. Vibali vya kifaa kimoja vifungwe pamoja kwa namba ya kifaa, si kwa idara iliyoviomba, na anayeondoka ampeleke anayeingia mpaka kwenye flenji aiguse.

Uokoaji upangwe kabla, kwa sababu mara nyingi anayekufa wa pili ni aliyekimbilia kumtoa wa kwanza. Mlinzi wa mlangoni haingii kamwe. Kazi yake ni kuita, kuhesabu na kubaki. Kile kifaa kidogo cha kutorokea moto, cha takriban dakika kumi, si cha kuingilia. Mtungi wa lita 6 kwa shinikizo la bar 300 una takriban lita 1,800 za hewa. Kwa matumizi ya lita 40 kwa dakika ni dakika 45, lakini anayemburuta mtu mzima hupumua zaidi, 60 hata kupita, na akiba ya kurudi imo humohumo. Hesabu umbali kwa mwendo wa kurudi ukiwa na mzigo. Na mazoezi, ambayo SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, inayataka kila baada ya miezi miwili, yafanyike kwenye mlango halisi: mwokoaji mwenye mtungi mgongoni apite, machela ipite ikiwa na mwanasesere mwenye uzito wa mtu. Kwenye milango mingi ya zamani mtungi hugonga ukingo, inabidi uvuliwe na kupitishwa mbele huku barakoa ikibaki usoni. Afadhali hilo ligunduliwe mchana, tangi likiwa safi.

Kazi ikiisha, majina yaliyoingia yalinganishwe na nyuso zilizotoka, si na sauti kwenye redio. Zana zihesabiwe. Mabamba ya kuziba yaondolewe kwa orodha, moja moja, kila kufuli ifunguliwe na mwenyewe aliyeifunga, na mlango wa tangi ufungwe kwa boliti zote.