Miezi saba na kishikwambi mkononi

Jumapili iliyopita nimeuza sneki yetu, kwa kuwa miezi saba sasa naendesha mitambo ya bendi kwa kishikwambi. Kwa asiyejua mambo ya mitambo, sneki ni ule waya mnene unaotoka jukwaani mpaka kwenye miksa, yaani mtambo wa kuchanganya na kupima sauti zote, na ndani yake zimepita nyaya za maiki zote na vyombo vyote. Yetu ilikuwa ya mita 30, njia 16. Iliyonunua ni kwaya moja ya Kimara. Vijana wao wawili walikuja na bodaboda, wakaitazama ilivyojikunja ndani ya ndoo kubwa ya plastiki, wakatazamana, kisha mmoja akaenda kutafuta bajaji.

Ndoo ile nimeibeba miaka 12. Nimeitandaza sneki kwenye kumbi za Sinza, Tabata na Mbagala, nimeibandika sakafuni kwa selotepu ili akina mama wenye viatu virefu wasijikwae, na saa tisa usiku, wenzangu wakishapanda kwenye gari, nimebaki naikunja huku naipangusa soda na mchuzi wa pilau. Ilipoondoka na bajaji nilisimama getini mpaka ikakata kona.

Mimi ni fundi mitambo wa bendi ya dansi. Tuko tisa, Ijumaa tunapiga baa, Jumamosi harusi. Miksa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya chaneli 24, ya kubebwa na watu wawili, na chini ya kila chaneli kulikuwa na kipande cha selotepu ya karatasi kilichoandikwa kwa kalamu: SOLO, RIDHIMU, BESI, TUMBA, SAUTI 1. Nilizifahamu zile feda, vile vishikio vya kusukuma juu na chini kupandisha na kushusha sauti, kama mtu anavyofahamu ngazi za nyumbani kwao gizani. Ila vumbi na chumvi ya hewa ya Dar vilikuwa vimeingia. Chaneli ya solo ikisukumwa inakwaruza kwenye spika, krr, krr, na kila baada ya miezi mitatu nilikuwa naifungua na kuipulizia dawa.

Lakini kilichonichosha zaidi si mikwaruzo, ni kona. Fundi mitambo hukaa pale mwenye ukumbi anapotaka akae. Nimekaa pembeni ya friji la soda, nimekaa nyuma ya meza ya keki, na mara moja nimewekwa kwenye baraza ya nje, nikawa nasikiliza bendi kupitia dirishani. Mahali ulipo ndipo masikio yako yalipo. Ukutani besi inajaa, kwa hiyo unaipunguza, na katikati ya ukumbi wanacheza muziki usio na besi. Miaka yote hiyo nilikuwa natengeneza muziki wa kona yangu, wageni wakapata uliobaki.

Miksa za kidijitali za kuendeshwa kwa kishikwambi si jambo la jana. Mackie walitoa DL1608 mwaka 2012, ile ambayo iPad ilikuwa inachomekwa juu yake na unaweza kuichomoa ukatembea nayo. Sisi tulichelewa kwa sababu ya fedha tu. Tulikubaliana kila mmoja akatwe 20,000 kila tukipiga, na baada ya maonyesho 15 tukawa na 2,700,000. Nikaenda Kariakoo na mpiga kibodi wetu. Tukarudi na boksi la matundu 16 ya maiki lisilo na feda hata moja, ruta ndogo, na kishikwambi kilichotumika. (Nalipenda sana neno hili kishikwambi. Tangu Sensa ya 2022 hata mama yangu analitumia.)

Boksi hilo ndilo miksa yenyewe, na linakaa jukwaani, karibu na dramu. Nyaya za maiki ni fupi, zinaingia humo humo. Amri zote zinatoka kwenye kishikwambi kwa njia ya waifai.

Usiku wa kwanza ulikuwa baa, Ijumaa. Saa kumi na moja jioni tulijaribu mitambo ukumbi ukiwa mtupu na mambo yalikwenda vizuri mno. Nilitembea mpaka barabarani, kishikwambi bado kinashika. Saa nne watu wamejaa, wimbo wa pili, maiki ya dada yetu wa sauti ya kwanza ikaanza kupiga mluzi. Nikagusa chaneli yake nishushe. Haishuki. Nikaangalia juu ya skrini, alama ya waifai haipo. Mluzi unapanda, watu wameziba masikio, na boksi halina kitasa chochote cha kushika. Nilipita katikati ya wachezaji kwa viwiko mpaka kwenye amplifaya nyuma ya jukwaa nikageuza kitasa kwa mkono. Dada yule aliimba wimbo mzima uliofuata macho yake yako kwangu, na sikuwa na neno la kumwambia.

Usiku huo sikulala. Kesho yake nilikaa na mpiga kibodi, ambaye mchana anafunga intaneti maofisini, akanieleza kwa utulivu. Waifai ya ndani ya boksi ni ya gigahezi 2.4. Masafa hayo ndiyo ya hotspoti nyingi za simu, ndiyo ya Bluetooth, na chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Halafu mwili wa mtu ni maji kwa sehemu kubwa, na maji yanakula mawimbi hayo. Jioni nilijaribu kwenye viti vitupu. Usiku kati yangu na jukwaa kulikuwa na ukuta wa miili, kila mmoja na simu yake mfukoni.

Tukazima waifai ya boksi. Ruta yetu tukaiunganisha kwa waya na kuiweka kwenye gigahezi 5, ambako chaneli ni nyingi na msongamano ni mdogo. Masafa hayo hayapendi kuta, kwa hiyo ruta tunaipandisha juu ya stendi ya spika, ipite vichwa vya watu ili kishikwambi kiione. Jina lake tumelificha. Na nina waya wa mtandao wa mita 20 na kompyuta ndogo kando ya jukwaa, hata siku zote zikiwa njema. Jambo moja la kuwatuliza wanaoogopa: kishikwambi kikipotea, muziki haukatiki. Boksi linaendelea na kile ulichoacha. Unachopoteza ni mkono wako tu, lakini mkono huo ukipotea wakati maiki inapiga mluzi, moyo unasimama.

Somo la pili lilikuja Mbagala. Bibi harusi ameingia, yuko katikati ya ukumbi, umeme ukakatika. Jenereta iliwaka upesi. Miksa ya zamani ingerudi pale pale, ila hii ni kompyuta, lazima iamke kwanza. Nilihesabu sekunde 40. Akina mama ndio walioziba pengo, walipiga vigelegele na kuimba kwa midomo na makofi mpaka bibi harusi akafika jukwaani, na ninawashukuru mpaka leo. Jumatatu nilinunua UPS ndogo, ile betri ya kawaida ya kompyuta inayoshika umeme ukikatika. Inabeba boksi na ruta. Amplifaya zikizimika, miksa inabaki macho, na jenereta likishika tunaendelea.

Jasho nalo. Desemba, Dar, ukumbi wa bati, vidole vimelowa, na skrini haisomi kidole chenye maji au inasoma mahali ambapo hukugusa. Nina taulo dogo kiunoni usiku kucha. Na lazima niseme ukweli kuhusu feda: nimezikosa. Zamani solo ikiingia nilisukuma bila kutazama, macho yangu yako kwa mpigaji. Sasa lazima nitazame kioo. Nimepunguza shida kwa kukusanya chaneli katika makundi manne, dramu na tumba kundi moja, magitaa moja, sauti zote moja, kibodi peke yake, na ukurasa huo wa makundi ndio unaokaa wazi muda wote. Bado si sawa na feda mkononi.

Pamoja na hayo yote, sirudi nyuma, na sababu ni Mzee wetu wa solo.

Mzee amepiga gitaa kabla mimi sijazaliwa. Kwa miaka 12 kila onyesho ameninyooshea kidole juu: pandisha. Nami nimepandisha, naye ameendelea kunyoosha. Mwishoni nilianza kuamini kuwa masikio yake yamechoka, na ninajuta kuwaza hivyo. Tulipopata boksi niliwawekea vijana programu kwenye simu zao, kila mtu arekebishe monita yake mwenyewe, ile spika inayomwelekea mpigaji ajisikie, na asiweze kugusa ya mwenzake. Wote walifurahi. Mzee alinirudishia simu.

"Mwanangu, mikono yangu miwili iko kwenye gitaa. Wa tatu wa kushika simu nautoa wapi?"

Kwa hiyo usiku mmoja, wimbo wa nne, alipoinua kidole, nilipanda jukwaani. Nikasimama ubavuni kwake, bega langu kwenye bega lake, sikio langu usawa wa sikio lake. Sikuwahi kusimama pale bendi ikipiga. Nisingeweza, miksa ilikuwa mita 30 kutoka pale. Na nilichosikia kilinishtua: gitaa lake halipo. Amplifaya ya ridhimu iko juu ya kiti nyuma yake, inampiga kisogoni. Monita yake imejaa sauti za waimbaji na ridhimu ile ile kwa mara ya pili, na chini ya vyote besi inanguruma kama lori limesimama. Hata ningempandishia solo mara mbili, ingezama mle mle.

Nikaitoa ridhimu kabisa kwenye monita yake. Nikakata kila kitu chini ya hezi 150, yaani sauti nzito za chini. Nikashusha waimbaji, nikamwachia dada wa sauti ya kwanza peke yake, kidogo, ili afuate maneno. Solo sikuigusa.

Alikuwa katikati ya mstari. Vidole vikasita kidogo kwenye waya, akaanza tena mstari ule ule, taratibu, kama mtu anayehakikisha. Kisha akainua kichwa.

"Umenipandisha?"

"Hapana, Mzee. Nimewashusha wengine."

Sebene la usiku ule lilikwenda dakika nyingi kuliko nilivyozoea kutoka kwake, na kidole hakikuinuka tena. Mwezi mzima uliofuata nilikuwa napanda kusimama na kila mmoja wao mahali pake, nyuma ya dramu, pembeni ya tumba, mbele kwa waimbaji. Ugomvi wetu mwingi wa kwenye gari wakati wa kurudi ulikuwa ni huo tu: kila mtu anasikia bendi tofauti, na mimi nasikia ya kwangu.

Vivyo hivyo kwa wageni. Ninatembea mpaka meza za mwisho kule wanakopakulia chakula, na mara nyingi kule maneno ya wimbo hayasikiki kabisa, ni mvumo tu. Nashusha dramu, napunguza uzito wa magitaa pale hezi 250 zinapojaa, nasimama mpaka nimesikia jina la bwana harusi likitajwa waziwazi, ndipo naondoka.

Tatizo lililobaki hatujalimaliza. Zamani wapigaji walijua pa kunitazama. Sasa wanainua macho kwenye kona na mimi sipo, wananitafuta ukumbi mzima katikati ya wimbo. Tumekubaliana kila baada ya nyimbo tatu nipite mbele ya jukwaa, nisimame hesabu ya nane, nimtazame kila mmoja. Mpiga dramu anasema haitoshi.

Jumamosi hii tuna harusi Kigamboni, ufukweni, inaanza saa tisa alasiri. Jua la saa hiyo linaifanya skrini kuwa kioo cha kujitazamia, na kishikwambi kikipata joto sana kinajizima chenyewe. Nimekata boksi la kadibodi kukitengenezea kivuli, nimelipaka rangi nyeusi kwa ndani, linakauka hapa dirishani. Kishikwambi cha pili nimeazima kwa shemeji yangu mwalimu, kitakaa kwenye deli lenye kitambaa kibichi, mbali na barafu. Kama kuna fundi amewahi kupiga mchana ufukweni akapata njia iliyo bora kuliko hii, naomba aniambie kabla ya Ijumaa jioni.