Nilivyochagua upinde wangu wa jadi

Ukisema unatafuta upinde, swali la kwanza utakaloulizwa ni nguvu. Paundi ngapi? Wauzaji huanzia hapohapo, na vijana wa klabuni hutambiana kwa namba hizo. Mimi niliamua kuanza na mikono yangu.

Nimekulia Kitui, na sisi Wakamba upinde si jambo geni kwetu. Babu aliutundika wake baada ya uwindaji kupigwa marufuku Kenya mwaka 1977, lakini hakukubali kuuuza. Ulikuwa mti mmoja mtupu na ugwe wa kano, na ulimkaa yeye kuliko mtu mwingine yeyote kwa sababu ulichongwa kwa kipimo chake. Upinde wa dukani haukuchongewa mtu, kwa hiyo kazi ya kuulinganisha na mwili wako ni yako.

Huku Michigan, Marekani, nilisimama na mgongo ukutani, nikanyoosha mikono yote miwili, mke wangu akapima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kile kingine: inchi 67 na nusu. Ukigawa kwa 2.5 unapata 27, na huo ndio urefu wa mvuto wangu, yaani umbali ninaovuta ugwe, kwa makadirio. Klabuni walinipa upinde mwepesi na mshale uliochorwa alama za inchi, nikavuta mara kadhaa huku mtu akisoma, na jibu likawa lilelile.

Kwa nini nasisitiza hili? Namba iliyoandikwa kwenye pinde nyingi hupimwa kwa mvuto wa inchi 28. Upinde ulioandikwa 45 una paundi 45 ukiuvuta hadi hapo. Kila inchi unayopungukiwa huondoa paundi mbili hivi au tatu, na kila inchi unayozidisha huongeza kiasi hichohicho. Mtu mwenye mikono mirefu akinunua upinde wa 50 anaweza kujikuta anapambana na 55 bila kujua. Na upinde wa jadi hauna huruma. Ile ya kisasa yenye magurudumu hukupunguzia mzigo ukishafika mwisho wa kuvuta. Huu wetu unaubeba wote vidoleni mpaka uachie. Ndiyo maana anayeanza huambiwa achukue kati ya paundi 25 na 35, na mimi naona ni ushauri mzuri hata kwa mwanaume mwenye kifua kipana. Kifua hakisaidii sana, misuli inayofanya kazi iko mgongoni.

Kwa hiyo nilianza na Samick Sage, upinde wa inchi 62 unaofunguka vipande vitatu. Uzuri wake ni kwamba mpini unabaki uleule, unabadilisha mabawa tu, zile pande mbili zinazopinda. Nilinunua mabawa ya paundi 30, nikayatumia mpaka nikawa naweza kuvuta, nikashikilia huku nikihesabu polepole hadi tano, na mkono usitetemeke. Hicho ndicho kipimo changu hadi leo. Kama huwezi kuushikilia, huumiliki. Unaurusha mshale kwa hofu.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kutafuta upinde wa zamani. Michigan ni mahali pazuri kwa kazi hiyo. Fred Bear, mtengenezaji wa pinde, alianzia Detroit mwaka 1933, akahamishia kiwanda Grayling mwaka 1947, na kikabaki huko hadi kilipohamia Gainesville, Florida, mwaka 1978. Watu wanafagia maghala ya babu zao na pinde zinatokea. Mzee mmoja alinionyesha mbili. Ya kwanza ilikuwa Kodiak Magnum, fupi, inchi 52. Inapendeza kuitazama, lakini nilipoivuta pembe ya ugwe ilinibana vidole vibaya mno. Upinde mfupi hufanya hivyo, na zaidi kwa mwenye mvuto mrefu. Nikairudisha mezani.

Ya pili ilikuwa Grizzly ya inchi 58, imeandikwa 45. Mzee akaniambia ni ya mwaka 1953, akanionyesha namba yenyewe ubavuni. Bei nayo ilikuwa ya kitu cha makumbusho. Lakini 1953 ile ni mwaka wa hataza (haki ya uvumbuzi) ya Kanada, na Bear waliendelea kuuchapa kwenye pinde zao hadi miaka ya sabini mwanzoni. Nilimweleza kwa adabu, akacheka, na bei ikashuka kidogo.

Kabla ya kutoa hela niliukagua. Kwanza niliushika ukiwa umefungwa ugwe, nikautazama kwa urefu wake kutokea nchani: ugwe unatakiwa upite katikati ya mabawa yote mawili. Ukiegemea upande, bawa limepinda. Mara nyingi hutokana na kufunga ugwe kwa kupitisha mguu ndani ya upinde badala ya kutumia kamba maalumu ya kufungia. Pili, nilipitisha kipande cha pamba taratibu juu ya faibaglasi, mbele na nyuma. Pamba ikinasa, kuna nyuzi zimeinuka. Mikwaruzo ya vanishi haikunitisha, pinde za umri ule huwa nayo. Ninachokiogopa ni ufa unaokata bawa kwa upana, au mahali ambapo gundi imeachia kati ya mbao na faibaglasi. Nilijaribu kupenyeza ukingo wa karatasi pembeni kote. Haukuingia.

Mwisho nilitoa mizani yangu ya kupimia mabegi, ileile ninayotumia nikisafiri nyumbani ili kilo 23 zisipitilize. Nikaininginiza kwenye ugwe, nikavuta hadi inchi 27. Ilisoma kilo 19, yaani paundi 42 kasoro kidogo. Hapo sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Ugwe wa zamani niliutupa, nikaweka wa Dakroni, uzi unaonyumbuka kidogo. Ncha za pinde zile hazikuimarishwa kuhimili nyuzi za kisasa zisizonyumbuka, na ugwe mgumu unaweza kuzipasua. Upinde wenyewe nauweka umelala, sio kuegemezwa pembeni, na haubaki garini wakati wa joto kwa sababu gundi hulainika. Na hakuna mgeni anayeruhusiwa kuuvuta na kuuachia bila mshale. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale hurudi kwenye mbao, na upinde unaweza kuvunjika mikononi mwako.

Sasa mpwa wangu naye ameingiwa na hamu, anataka nimwazime upinde wangu. Nilimwambia anyooshe mikono mbele, aache kitundu kidogo kati ya viganja, atazame kitu cha mbali kupitia hapo kisha afumbe jicho moja moja. Kitu kilibaki alipoacha la kushoto wazi, kikapotea kwa la kulia. "Anko, mbona naandika kwa mkono wa kulia?" Ndiyo, lakini jicho linalolenga ni la kushoto, na upinde wangu ni wa kuvutwa kwa mkono wa kulia. Tunamtafutia wa kushoto. Za zamani za upande huo ni chache, na wanaozijua hawaziachii kwa bei rahisi.