Namna nilivyozifundisha mashua nne kuhesabu

Rafiki mmoja anayejiona bingwa aliniambia kwamba katika Mchezo wa Maisha, ule wa gridi ya seli zinazoishi au kufa kizazi hadi kizazi kwa kufuata idadi ya majirani zao walio hai, uliobuniwa na John Conway mwaka 1970, kumbukumbu ni jambo jepesi: weka bloku ya seli nne, ikiwapo ni moja, isipokuwapo ni sifuri. Nilimwamini kwa siku kadhaa. Ni kweli kwamba glaida, lile umbo la seli tano linalosogea mshazari seli moja kila baada ya vizazi vinne, hutoweka likiigonga bloku, lakini bloku nayo hutoweka, kwa hiyo kila nilipoisoma kumbukumbu yangu niliifuta. Nilipokosea njia kidogo, bloku iliruka kama farasi wa sataranji, ikatua mahali ambapo hakuna glaida yangu iliyoipata tena.

Kilichoniokoa ni mashua, umbo tulivu la seli tano linalokaa kando ya nyoka wa seli sita. Glaida ikija kwa njia yake, mashua iliyopo huondoka na isiyokuwapo huundwa, naye nyoka hubaki salama. Glaida ya pili ikikatiza kwa wakati wake, hufutwa biti (yaani mashua: ikiwapo ni moja, isipokuwapo ni sifuri) inapotoka moja kwenda sifuri, na hupona inapotoka sifuri kwenda moja. Hapo ndipo nilipokwama, kwani kwa tarakimu za sifuri na moja tu, mwenye kujumlisha moja na moja huandika sifuri na kubeba moja, ilhali mbebaji wangu, ile glaida ya pili, alikuwa akifa wakati uleule nilipomhitaji! Hila niliyoigundua saa nane za usiku, ambayo naionea fahari hata kama wengine walinitangulia, ni kuiacha ile iliyopona igongane na glaida ya tatu ili zifutane; ya pili ikiwa imekwisha kufa, ya tatu hupita bila kipingamizi na kwenda kuigeuza mashua ya biti inayofuata.

Ama kuhusu majira ya kuzifikisha glaida, usihangaike kuisogeza bunduki ya Gosper, lile umbo linalofyatua glaida moja kila baada ya vizazi 30, kwani kila seli ya mshazari hubadilisha vizazi vinne kwa mkupuo. Iendeshe kando, kizazi kimoja kimoja, kisha uinakili ikiwa katika hali uitakayo kati ya hali zake 30.

Programu ya Golly, inayouendesha mchezo huu, ni ya bure. Mimi nililipa kwa usingizi wa majuma matatu hivi. Glaida za kuhesabiwa nilizichora kwa mkono, zikiachana seli 30 za mshazari, yaani vizazi 120. Baada ya ile ya 15 mashua zote nne zilikuwapo. Ya 16 ilizifuta moja baada ya nyingine, kisha glaida ya mwisho ikatoka upande wa pili na kwenda kuivunja bunduki ambayo nilikuwa nimesahau kuikinga.