Ukiandika euro skrinseva inawaka? Angalia AltGr kwanza

Kama kompyuta yako inarukia skrinseva katikati ya kuandika na hujagusa chochote, usikimbilie kusema ni virusi, na tafadhali usimruhusu fundi aipige fomati kabla hujaangalia kibodi yenyewe ni ya nchi gani. Nalisema hili kwa uchungu kabisa, maana hapa Malindi mashine za Waitaliano ziko kila pembe, hotelini, kwa mawakala wa nyumba, madukani, zingine wenyewe walisharudi kwao wakaziacha, na kibodi zao zina mambo ambayo sisi tuliozoea kibodi ya Kiingereza hatuyajui.

Ya juzi ilikua mapokezi kwa nyumba moja ya wageni huku Casuarina. Wana programu ya skrinseva inayozungusha picha za vyumba na bahari, na dada wa mapokezi akaiwekea shotikati, yaani vitufe vya kubonyeza pamoja ili iwake, Ctrl+Alt+E, ili mgeni akisogea kaunta abonyeze mara moja tu, orodha ya wageni na namba zao za pasipoti zifichike. Mimi nampa heko, wengi wanaacha pasipoti za watu wazi hivyo hivyo. Sasa shida ikawa kila akiandikia mtu bei za vyumba, skrini inageuka picha. Akaniambia, "Kaka, hii mashine ina jini. Nikiandika shilingi imetulia, nikiandika euro inaenda baharini."

Nikamwambia hebu andika tena, polepole, nione vidole. Akaandika 80, alafu kidole kimoja kikaenda AltGr, ile Alt ya kulia, kingine kikagonga E, kwa sababu kwa kibodi ya Kiitaliano alama ya € inatoka hivyo. Papo hapo ufuo ukajaa skrini nzima, na tuliporudi kwenye barua 80 iko pale peke yake bila alama.

Jini lenyewe ndio hili: kwa kibodi zenye AltGr, Windows inaihesabu AltGr kama umebonyeza Ctrl na Alt pamoja. Kwa hivyo AltGr+E na Ctrl+Alt+E kwake ni kitu kimoja, na shotikati ikishasajiliwa kwa mfumo mzima inadaka ule mbonyezo kabla herufi haijafika kwenye barua. Raymond Chen wa Microsoft aliandika tangu 2004 kwamba Ctrl+Alt isitumike kuanzisha shotikati, sababu ni hii hii, na mpaka leo programu zinakuja na Ctrl+Alt zimejaa tele. Inaniudhi kwa kweli, kwa sababu anayeumia ni mtu anayeandika kwa lugha yake.

Basi tukahamia Ctrl+Shift+S. Ikashika vizuri, jioni stima ikapotea, iliporudi mashine ikawaka upya na shotikati ikawa kimya kabisa. Hapo nikajua kuna programu nyingine inagombania vitufe hivyo hivyo, maana Windows inampa aliyewahi, wa pili anarudishiwa kosa namba 1409 basi, na programu nyingi zinalimeza hilo kosa bila kumwambia mtu. Yani unabonyeza, hakuna kitu, hakuna hata ujumbe. Ikitokea shotikati leo inafanya kazi na kesho haifanyi, tazama zile programu zinazowaka pamoja na kompyuta, ziko pale chini karibu na saa, zima moja alafu rudi kwa skrinseva uiseti shotikati upya ndio ujaribu, kwa sababu kitufe kikiachiwa hakirudi chenyewe kwa yule aliyekikosa, lazima akiombe tena. Kwetu ilikua programu ya kupiga picha za skrini.

Mwisho tumeweka kitufe cha Pause peke yake, kile cha juu kulia ambacho hakuna mtu anakigusa. Windows+L nayo ni nzuri na hakuna programu inayoweza kuinyang'anya, lakini inafunga kompyuta tu bila kuonyesha picha, na bosi anataka picha. Ila skrinseva peke yake inafunika tu, sio kufunga, mgeni akigusa mausi kila kitu kiko wazi, kwa hivyo nikamwekea na tiki ya kuomba paswedi wakati wa kurudi. Hio tiki usiisahau.

Na kama kibodi yako ni ya Kijerumani, pale @ inatoka kwa AltGr+Q, kwa hivyo programu iliyoshika Ctrl+Alt+Q itakunyima hata kuandika anwani ya barua pepe. Fungua Notepad, ile programu ndogo ya kuandikia ya Windows, shika AltGr, pita herufi moja moja uone zipi zinaandika kitu, na hizo usizipe shotikati yoyote.